Ukungu Katika Moyo wa Binti Yangu

Habari nitakayoieleza hapa si yangu peke yangu. Ni ya binti yangu wa kwanza, naye ndiye aliyenihimiza niiandike. Aliniambia, "Mama, waeleze askari na wake zao, maana watoto wa makambini huugua koo kila siku na hakuna anayejali." Basi naandika kwa idhini yake, ila jina lake nimelihifadhi, kama ilivyo desturi ya mama kumsitiri mwanawe.

Sisi ni watu wa Nyamirambo, hapa Kigali, mtaa ambao Kiswahili kilizungumzwa nyumbani na sokoni tangu zamani, kabla ya kufanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Mume wangu aliingia katika jeshi la polisi mwaka 2000, lilipoundwa, na kwa muda mrefu maisha yetu yalikuwa ya kuhama: leo mjini, kesho mkoani. Mke wa askari huzoea kuamua mambo mengi peke yake. Mtoto akiugua usiku na baba yuko zamu, ni mama anayepima homa kwa kiganja, na ni mama anayeamua kama ni ugonjwa wa kwenda hospitali au wa kungoja asubuhi. Mara nyingi mama huamua vema. Mimi nilikosea mara mbili.

Kosa la kwanza lilikuwa mwaka 2010. Binti yangu alikuwa na umri wa miaka tisa. Akashikwa na maumivu ya koo, akawa hawezi kumeza hata mate. Nikamsukutulisha maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nikampa chai ya tangawizi, na baada ya siku chache akarudi kucheza. Nilijisifu kwa uganga wangu. Baada ya majuma matatu goti lake likavimba, likawa la moto, lilipopoa, likavimba la pili, kisha kiwiko. Nikasema ni mifupa inayokua, nikamkanda kwa mafuta. Maumivu yakaisha, nami nikasahau.

Lau ningalijua wakati ule nilichokuja kuelezwa baadaye! Baadhi ya magonjwa ya koo huletwa na bakteria aitwaye streptokoko. Mwili hupeleka askari wake kumpiga adui huyo. Lakini kwa kuwa sura ya adui hufanana kidogo na sehemu fulani za mwili wenyewe, askari hao huwageukia raia wema. Hushambulia viungo, na vibaya zaidi, hushambulia vilango vya moyo ambavyo madaktari huviita vali. Hii ndiyo homa ya baridi yabisi. Wahenga wa tiba husema kwamba homa hiyo huramba viungo lakini huuma moyo. Uvimbe wa goti hupoa usiache alama. Kovu la vali hubaki, na kila mara mtoto apatapo tena ugonjwa ule wa koo, kovu huongezeka.

Moyo una vali nne. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa lango: kuiachia damu ipite mbele na kuizuia isirudi nyuma. Vali ya binti yangu iliyo upande wa kushoto, ile iitwayo maitral, ilikuwa imekakamaa na kuvuja. Tulilijua hilo mwaka 2021, alipokuwa na miaka ishirini na akisomea ualimu. Mtu anayeishi katika mji wa vilima kama wetu hupimwa moyo kila siku bila kwenda kwa mganga. Kijana aliyekuwa akipanda kutoka bondeni hadi nyumbani huku akiimba, sasa alisimama mara tatu njiani, na usiku akalala ameegemea mito miwili kwa sababu akilala chali pumzi humkatika.

Yafaa niseme neno juu ya bahati tuliyoipata, maana si wote waliokuwa nayo. Zamani Mnyarwanda mwenye vali mbovu alikuwa hana tumaini ila apelekwe ng'ambo. Wengine walipelekwa Khartoum, nchini Sudan, katika Hospitali ya Salam iliyofunguliwa mwaka 2007 na shirika la Kiitalia la Emergency, wakatibiwa bila malipo. Filamu iitwayo Open Heart, iliyowania tuzo ya Oscar mwaka 2013, iliwaonyesha watoto wanane wa Rwanda waliopelekwa huko, pamoja na juhudi za daktari wao, Emmanuel Rusingiza. Aidha, tangu mwaka 2008 kundi la Team Heart kutoka Boston, Marekani, limekuwa likija Kigali kuwapasua wagonjwa katika Hospitali ya Mfalme Faisal na kushirikiana na waganga wetu. Hivyo zamu ya binti yangu ilipofika, mwaka 2022, alipasuliwa papa hapa Kigali, mimi nikiwa nje ya mlango na tasbihi mkononi. Akatiwa vali ya chuma, kavu na imara, ambayo ukikaa kimya karibu naye waweza kuisikia ikigonga kama saa ya mkononi.

Vali ya chuma ina sharti lake: damu hupenda kuganda juu yake. Kwa hiyo mgonjwa humeza dawa ya warfarini kila siku, na damu yake hupimwa mara kwa mara isiwe nzito mno wala nyepesi mno. Tulilizoea sharti hilo. Jambo ambalo sikulizingatia ni kwamba baada ya upasuaji kidonda chake kilichelewa kupona, akakaa wodini majuma mengi, akiwa na mpira wa dawa katika mshipa mkubwa wa shingo na akipewa dawa kali za kuua bakteria. Dawa zile zilimwokoa. Lakini mwilini mwa wengi wetu huishi pia viumbe wadogo wa jamii ya ukungu waitwao kandida, hao hao wanaoleta utando mweupe vinywani mwa watoto wachanga. Wakiwa mahali pao hawana neno. Bakteria wema wanaowazuia wakifa kwa dawa, na njia ya kuingia katika damu ikipatikana, wao huenda wakatafuta mahali pa kushika. Na hakuna mahali wanapopapenda kama kitu kigeni kisicho na uhai, mfano wa vali ya chuma.

Homa ilianza mwaka 2023, Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda. Tulikuwa tukifagia mtaro, binti yangu akaketi akasema anasikia baridi. Nikadhani ni malaria. Tukaenda katika zahanati moja ya jirani, akapewa vidonge vya malaria bila kupimwa damu. Homa ikapungua, ikarudi. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la pili: kabatini palikuwa na vidonge vya viuavijasumu vilivyobaki tangu ugonjwa wa mdogo wake, nikampa. Nilimwona amechoka kwenda hospitali, nami nikajifanya mganga tena. Majuma matatu yakapita hivyo. Homa ya jioni, jasho la usiku, mwili ukikonda.

Usiku mmoja akapiga ukelele. Mguu wake wa kuume ulikuwa umekuwa baridi kama jiwe la mtoni, mweupe, na vidole havisikii. Mume wangu alikuwa nyumbani usiku ule. Alimbeba mgongoni hadi barabarani. Madaktari walipapasa nyuma ya goti wasipate mapigo. Mshipa ulikuwa umezibwa. Walimpasua usiku huo huo, wakaingiza mpira mwembamba na kulivuta bonge lililouziba, na mguu ukapata moto tena.

Hapa naomba kumsifu daktari mmoja kijana ambaye simtaji. Bonge lile wengi wangelitupa. Yeye alilipeleka maabara. Siku ya pili akatujia akasema kwamba chini ya darubini halikuwa bonge la damu tupu: lilikuwa limejaa ukungu. Wakautazama moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, wakaona juu ya vali kitu kinachopeperuka kama kitambaa kwenye kamba, kila pigo la moyo likikirusha. Kipande cha kitu hicho ndicho kilichokatika na kwenda kuziba mguu. Kingeweza kwenda kwenye ubongo. Walikuwa wamechukua damu mara tatu kutoka mahali mbalimbali na kuiweka katika chupa za kuoteshea vijidudu. Siku ya tatu kandida ikaota.

Niliuliza swali ambalo kila mzazi angeuliza: "Je, ni vile vidonge nilivyompa?" Daktari hakunidanganya, wala hakunihukumu. Alisema, "Mama, vidonge vile havikuuleta ugonjwa. Lakini vinaua bakteria, haviui ukungu. Vilichofanya ni kutupotezea majuma matatu." Alinieleza kwamba ugonjwa huu ni wa nadra, kati ya wagonjwa mia wenye vijidudu katika vali, wenye ukungu huwa kama mmoja au wawili tu. Na kwa sababu ni nadra, watu hawaufikirii mpaka umekwisha kuharibu. Kisha akatuambia ukweli mgumu kwamba hata katika nchi tajiri wengi wanaoupata hufa.

Sasa nieleze tiba yenyewe, maana ndiyo iliyonifunza subira. Dawa ya kwanza huitwa amfoterisini. Asili yake ni ajabu: ilipatikana miaka ya 1950 kutoka kwa kijidudu cha udongo uliochukuliwa karibu na mto Orinoco, nchini Venezuela. Nilipoambiwa hivyo nilikumbuka kwamba penisilini, dawa ambayo ingalimkinga binti yangu alipokuwa na miaka tisa, nayo ilitokana na ukungu uliogunduliwa na Alexander Fleming huko London mwaka 1928. Basi ukungu mmoja hutuokoa na bakteria, na kijidudu mmoja wa udongo hutuokoa na ukungu. Mungu ameziweka dawa na maradhi katika ghala moja, akamwachia mwanadamu kazi ya kuchagua.

Dawa hiyo ni ya rangi ya manjano. Huchanganywa na maji ya sukari, kamwe si ya chumvi, kwa maana katika chumvi huharibika. Kisha hutiririshwa polepole mshipani kwa saa kadhaa kila siku. Saa ya kwanza binti yangu alitetemeka hata kitanda kikalia. Wauguzi walikwisha kujua, wakampa mapema dawa za kutuliza homa. Lakini adhabu yake kubwa iko katika figo. Kila siku alitiwa kwanza maji ya chumvi ili kuzilinda, na kila baada ya siku chache walimpima damu kuona kama figo zinafanya kazi na kama madini ya potasiamu hayapungui, kwa sababu yakipungua sana moyo hupoteza mwendo wake. Iko aina nyingine ya amfoterisini, iliyofungwa katika matone madogo ya mafuta, isiyoumiza figo sana. Lakini bei yake ni kubwa mno, na sisi tulipata ya kawaida. Pamoja nayo alimeza vidonge vya flusitosini mara nne kwa siku. Bima ya askari ililipa sehemu kubwa ya gharama, na iliyobaki tuliilipa kwa kuuza kiwanja.

Dawa peke yake, hata hivyo, haitoshi. Ukungu ulioshika vali hujijengea utando kama ngome, na dawa haipenyi vema. Ngome hiyo sharti ibomolewe: vali iliyoambukizwa itolewe na kutiwa nyingine. Hapo ndipo ulipozuka ugomvi kati yangu na binti yangu, na ndio hasa alionitaka niueleze.

Alikuwa amechumbiwa na kijana askari, ambaye wakati huo alikuwa Afrika ya Kati pamoja na kikosi cha Rwanda katika jeshi la amani la Umoja wa Mataifa. Madaktari walimweleza binti yangu kwamba ana njia mbili. Ya kwanza ni vali nyingine ya chuma, yenye kudumu miaka mingi sana, lakini atameza warfarini maisha yake yote. Na warfarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi ya mwanzo, na kumletea mama hatari ya kutokwa na damu. Ya pili ni vali iliyotengenezwa kwa nyama ya mnyama. Hiyo mara nyingi huruhusu warfarini iachwe baada ya miezi michache, lakini kwa kijana huchakaa mapema. Baada ya miaka kumi hivi, pengine chini ya hapo, kifua kitafunguliwa tena mara ya tatu.

Yeye akachagua ya nyama. Mimi nikakataa. Nilimwambia kwamba nilimzaa ili aishi, si ili anizalie wajukuu. Nikamwendea daktari kwa siri, nikamsihi amtie ya chuma na asimwambie. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Daktari akavua miwani, akasema, "Mama, nakuheshimu kama mzazi wangu. Ila moyo huu ni wake. Sahihi nitakayoitii ni ya mkono wake."

Nilirudi wodini nikiwa nimevimba kwa hasira. Binti yangu alikwisha kujua. Uso wangu haukufichi neno. Akaniambia kwa sauti dhaifu, "Mama, nilipokuwa na miaka tisa uliamua wewe, na ulipokuwa na vile vidonge uliamua wewe. Sikulaumu, ulinipenda. Sasa niache niamue mimi." Mume wangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekaa kimya dirishani, akasema tu, "Mwache aandike jina lake." Nikatoka nje, nikalia mpaka adhana ya alasiri, kisha nikarudi kumshika mkono. Hakuna aliyezungumza tena jambo hilo.

Alipasuliwa siku ya kumi na moja tangu dawa zianze. Baada ya hapo majuma sita mengine ya amfoterisini, tukihesabu siku kama wafungwa. Figo zililegea katika juma la nne, dawa ikasimamishwa siku mbili, kisha ikaendelea kwa kipimo kidogo. Alipotoka hospitali alipewa vidonge vya flukonazoli ili kuulaza ukungu wowote uliosalia, maana ukungu huu hujificha na waweza kurudi baada ya miezi au hata miaka. Vidonge hivyo atameza kila siku kwa muda mrefu, pengine maisha yake yote.

Tena hata vidonge hivyo vina mtego wake. Katika miezi ile ya mwanzo alikuwa bado na warfarini. Flukonazoli huzidisha nguvu ya warfarini mwilini, na siku ya tano tuliona damu kwenye mswaki wake. Safari hii sikufungua kabati. Tulikwenda hospitali saa ile ile. Damu ikapimwa, ikaonekana nyepesi mno, na kipimo cha warfarini kikapunguzwa. Daktari akasema, "Leo Mama umemtibu vema kuliko sisi."

Kwa yote haya, wazazi wenzangu wa makambini na wa mitaani, nawaomba myashike machache. Kwanza, mtoto mwenye maumivu ya koo na homa apelekwe kwa mganga; penisilini ya wakati huo ni rahisi kuliko vali yoyote. Pili, viungo vikivimba kimoja baada ya kingine, msiseme ni ukuaji. Aliyekwisha kupata homa ya baridi yabisi hudungwa sindano ya penisilini kila baada ya majuma matatu au manne, miaka mingi, na asikose hata moja. Tatu, mtu mwenye vali ya kutiwa akipata homa, asimeze viuavijasumu kabla damu yake haijachukuliwa na kuoteshwa. Na amwambie kila mganga, hata wa meno, kwamba ana vali hiyo. Nne, dawa zilizobaki kabatini zirudishwe zilikotoka. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliiweka kandida katika orodha yake ya kuvu hatari zaidi kwa binadamu. Si jambo la kuchezewa nyumbani.

Mtauliza habari za binti yangu. Sasa ni zaidi ya miaka miwili. Anafundisha darasa la tatu, na warfarini amekwisha kuiacha. Yule kijana alirudi salama kutoka Afrika ya Kati, akaelezwa kila kitu mbele ya wazee, na vali na ukungu na upasuaji wa tatu ujao. Akasema askari haendi vitani kwa kuahidiwa ushindi. Walioana. Kuhusu mtoto bado wanangoja, kwa sababu flukonazoli nayo si dawa ya kumezwa ovyo katika mimba changa, na madaktari wanataka kupanga nao mapema. Daktari hakuwaahidi kitu, nao hawakumlazimisha.

Bado sijui kama uchaguzi wake ulikuwa bora kuliko wangu. Siku kifua chake kitakapofunguliwa tena nitakuwa nje ya mlango ule ule, Mungu akinijalia uhai, na pengine nitaunung'unikia. Lakini kila Jumapili huja kutusalimu, akipanda mlima wa Nyamirambo kwa miguu na madaftari ya wanafunzi mkononi. Mimi hukaa kizingitini nikimhesabia vituo. Jumapili iliyopita hakusimama hata kimoja.